Salama kwa tumbo si salama kwa mapafu

MFANYABIASHARA mdogo anayeuza vifaa vya simu, vipodozi au peremende siku hizi huletewa bidhaa nyingine ya kupanga kwenye kabati la kioo. Ni sigara za kielektroniki pamoja na vichupa vya maji yake, vyenye picha za embe, nanasi, stroberi, vanila na krimu. Akimuuliza msambazaji kilichomo ndani, jibu huwa ni kwamba hiyo ni ladha ya chakula tu, ile ile inayotiwa kwenye keki, soda na aiskrimu. Faida ni nzuri, mzigo hauozi, na mteja akishazoea hurudi.

Jibu hilo ni la kweli kwa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayopaswa kumtia wasiwasi mwenye duka. Ni kweli kwamba ladha nyingi zinazotumika humo zimeruhusiwa kutiwa kwenye chakula. Lakini ziliruhusiwa kuliwa. Hakuna aliyezipima kwa ajili ya kuvutwa mapafuni mara mia kwa siku.

Mama yeyote anayepika anaielewa tofauti hiyo bila kufundishwa na mtaalamu. Pilipili ikiwa ndani ya mchuzi huliwa kwa raha. Pilipili ile ile ikidondoka kwenye mafuta ya moto, nyumba nzima hukohoa na watu hukimbilia nje. Pilipili haikubadilika, bali njia iliyoingilia mwilini ndiyo iliyobadilika. Kinachopita tumboni hukutana na asidi, kisha hupelekwa kwenye ini ambalo huchuja mengi kabla ya damu kuyasambaza. Mapafu hayana mlinzi wa namna hiyo. Vifuko vyake vya hewa vina ngozi nyembamba mno, kwa sababu kazi yake ni kupitisha hewa haraka kwenda kwenye damu, na chochote kilichochanganyika na hewa hiyo hufika hapo kikiwa kizima.

Wenye viwanda vya ladha wenyewe hawabishi. Nchini Marekani chama cha watengenezaji wa ladha, FEMA, kilichoanzishwa mwaka 1909, ndicho kinachotunza orodha ya ladha zinazohesabiwa kuwa salama katika chakula. Chama hicho kimetamka wazi kwamba orodha yake haihusu sigara za kielektroniki, na kwamba mtengenezaji asidai maji yake ni salama eti kwa sababu ladha iliyomo imo katika orodha hiyo. Kwa hiyo anayemwambia muuza duka kwamba "ni ladha ya chakula tu" anatumia cheti ambacho waliokitoa wamekikataa.

Yaliyotokea katika kiwanda kimoja cha bisi yanaeleza hatari hiyo kuliko maelezo ya maabara. Kiwanda hicho kilikuwa katika mji mdogo wa Jasper, jimbo la Missouri, Marekani, na kilifungasha bisi za kupikwa kwenye maikrowevu. Malighafi yake haikuwa na ajabu yoyote: punje za mahindi, mafuta ya soya, chumvi, rangi na ladha ya siagi. Mafuta yalipashwa moto ndani ya tangi, na mchanganyaji alifungua kifuniko akamimina ladha. Mvuke wa siagi ulimpanda usoni na kuenea hadi kwa wafungashaji. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuogopa harufu ya siagi.

Mwezi Mei mwaka 2000 daktari mmoja aliiarifu idara ya afya ya Missouri kwamba watu 8 waliowahi kufanya kazi katika kiwanda hicho walikuwa na ugonjwa wa mapafu ambao daktari wa kawaida anaweza kumaliza miaka yake kazini bila kuuona. Vijia vidogo kabisa vya hewa ndani ya mapafu yao vilikuwa vimeziba kwa makovu. Mtu mwenye ugonjwa huo huvuta hewa lakini kuitoa ni taabu. Dawa za pumu humsaidia kidogo au hazimsaidii kabisa, na kovu likishafunga njia halifunguki. Wanne kati ya hao 8 walikuwa tayari kwenye orodha ya kusubiri kupandikizwa mapafu.

Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, iliingia kiwandani Novemba mwaka huo na kupima wafanyakazi 117 waliokuwa bado kazini. Walioonekana njia zao za hewa zimebana walikuwa zaidi ya mara 3 ya idadi ambayo ingetarajiwa katika watu wa kawaida. Kwa wale ambao hawajawahi kuvuta sigara maishani, walikuwa karibu mara 11. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Mwaka 2004 jopo la mahakama huko huko Missouri lilimpa mfanyakazi mmoja wa zamani na mkewe fidia ya dola milioni 20, na kesi nyingine zikafuata. Mwaka 2007 daktari mmoja wa Denver aliripoti kuhusu mgonjwa ambaye hakuwahi kukanyaga kiwandani. Alikuwa mlaji tu, aliyepika mifuko ya bisi za ladha ya siagi nyumbani kila siku kwa miaka na kupenda kunusa mvuke wake. Mwaka huo huo kampuni kubwa za bisi za Marekani zilianza kuiondoa kemikali iliyoshukiwa.

Kemikali hiyo inaitwa diasetili. Si sumu iliyobuniwa na mtu mwovu. Bakteria huitengeneza maziwa yanapochachuka, na ndiyo inayoipa siagi harufu yake. Imo pia kwenye mtindi na kwenye bia. Mfugaji anayeuza maziwa lala hana sababu ya kuingiwa na hofu. Kiasi ni kidogo, na kinaliwa.

Kilichofuata baada ya diasetili kuchafuka jina kina funzo kwa mnunuzi yeyote. Baadhi ya watengenezaji waliweka mahali pake pentanidioni, kemikali ya ukoo huo huo, yenye kaboni moja zaidi na harufu inayokaribiana. Kwenye karatasi waliweza kuandika kwamba bidhaa haina diasetili. Mwaka 2012 watafiti wa NIOSH walionyesha kwamba pentanidioni nayo inajeruhi njia za hewa za panya waliovutishwa. Mwaka 2016 taasisi hiyo ilipendekeza viwango vya juu kabisa vya hewa ya kazini: sehemu 5 za diasetili katika sehemu bilioni moja za hewa, na sehemu 9.3 za pentanidioni. Hicho ni kiwango kidogo kiasi kwamba pua ya binadamu si chombo cha kutegemea kukipima.

Sasa turudi kwenye kichupa cha dukani. Sigara ya kielektroniki ya kisasa ilibuniwa China na mfamasia Hon Lik mwaka 2003. Betri hupasha waya, waya huchemsha maji, na mtumiaji huvuta mvuke. Maji yenyewe kwa kawaida ni propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na ladha. Soko lilipanuka kwa kasi upande wa ladha kuliko upande mwingine wowote. Watafiti waliozihesabu kwenye intaneti mwanzoni mwa mwaka 2014 walipata majina ya ladha 7,764. Ladha za krimu, karameli, keki na siagi zilikuwa miongoni mwa zilizopendwa, na hizo ndizo zinazotengenezwa kwa diasetili na jamaa zake.

Mwaka 2014 timu iliyoongozwa na daktari Mgiriki, Konstantinos Farsalinos, ilipima sampuli 159 za maji yenye ladha tamu kutoka nchi 7. Diasetili au pentanidioni ilipatikana katika asilimia 74.2 ya sampuli hizo. Ikumbukwe kwamba Farsalinos si adui wa sigara za kielektroniki. Amekuwa akizitetea kama njia ya wavutaji kuacha tumbaku. Mwaka 2015 Chuo Kikuu cha Harvard kilipima ladha 51. Diasetili ilikutwa katika ladha 39, na ladha 47 zilikuwa na angalau moja ya kemikali tatu zilizokuwa zikitafutwa. Katika kiwanda cha Jasper mfanyakazi angeweza kufunguliwa dirisha, kuwekewa feni, au kupewa kifaa cha kuchuja hewa. Mtumiaji wa sigara ya kielektroniki anaweka mdomo kwenye bomba na kuvuta kwa makusudi.

Watetezi wa biashara hiyo wana hoja mbili ambazo si za kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba moshi wa sigara ya kawaida una diasetili nyingi kuliko mvuke wa vifaa vingi vya kielektroniki. Ya pili ni kwamba hadi leo ugonjwa ule wa Jasper haujathibitishwa kwa watumiaji wa sigara za kielektroniki kama ulivyothibitishwa kwa wafanyakazi wa bisi. Shirika la Cancer Research UK la Uingereza linasema hakuna mgonjwa wa namna hiyo aliyethibitishwa. Hoja zote mbili ni za kweli. Ndiyo maana si haki kumwambia mteja kwamba akivuta kichupa kimoja mapafu yake yataziba.

Lakini hoja ya kwanza inamfaa mtu mmoja tu, yaani mvutaji wa siku nyingi anayetaka kuacha sigara. Kwake kulinganisha mvuke na moshi kuna maana. Kijana wa miaka 17 aliyevutwa na picha ya embe hakuwa anavuta sigara. Yeye mvuke wake unalinganishwa na hewa safi. Na ladha ya embe haikuwekwa pale kwa ajili ya mzee aliyezoea tumbaku kali. Ama hoja ya pili, mapafu huchukua miaka kulalamika, na bidhaa nyingi zilizo sokoni hazijafikisha umri wa kutoa hesabu.

Aidha, diasetili si peke yake. Ladha ya cheri hutokana na benzaldehaidi, ambayo inakereketa njia za hewa. Ladha ya mdalasini hutokana na sinamaldehaidi. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina watafiti walionyesha mwaka 2019 kwamba sinamaldehaidi iliyo katika maji haya husimamisha kwa muda vinyweleo vya njia za hewa. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyofagia makohozi na vumbi kutoka mapafuni. Mpukuchuaji wa mahindi au mfanyakazi wa mashine ya kusaga, anayemeza vumbi kutwa nzima, anavihitaji kuliko karani wa ofisini.

Kuna jambo jingine ambalo muuza duka anapaswa kulijua kwa sababu linahusu rafu yake mwenyewe. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Yale na Duke walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba ladha kama za cheri, mdalasini na vanila hazikai zilivyo ndani ya chupa. Zinaungana na propilini glaikoli, bila kupashwa moto, na kuzaa kemikali mpya ambazo hazikutiwa na mtengenezaji wala kuandikwa kwenye lebo. Kemikali hizo mpya huamsha hisi za kukereketwa kwenye njia za hewa, zikiwemo zile zile zinazowashwa na pilipili, na baadhi huziamsha kwa nguvu kuliko ladha ya awali. Maana yake ni kwamba hata orodha sahihi siku ya kutengenezwa huenda isiwe sahihi baada ya mzigo kukaa melini, bandarini na dukani. Mfanyabiashara aliyezoea kuuza unga na sukari anajua bidhaa huharibika kwa wadudu au unyevu. Hii inabadilika ikiwa imefungwa.

Marekani ilipata funzo jingine mwaka 2019, nalo halikuhusu ladha bali asetati ya vitamini E. Vitamini hiyo huuzwa kwenye vidonge na kwenye mafuta ya kupaka, na watu huimeza na kujipaka bila shida. Wauzaji, wengi wao wa magendo, waliitumia kuchakachua mafuta ya bangi ya kuvutwa kwa vifaa vya kielektroniki. Hadi Februari 18, 2020 wagonjwa 2,807 walikuwa wamelazwa au kufa nchini humo, na waliothibitishwa kufa walikuwa 68. Sigara za kielektroniki za kawaida zisibebeshwe lawama yote ya vifo hivyo. Hata hivyo kosa ni lile lile la kudhani kwamba kitu kikiwa salama mdomoni na kwenye ngozi kitakuwa salama mapafuni.

Huenda mkulima akajiuliza kama biashara hii walau itampa soko la vanila, karafuu au mdalasini wake. Asijipe matumaini makubwa. Vanilini nyingi inayotumika duniani hutengenezwa viwandani, si kutoka kwenye maganda yaliyochavushwa kwa mkono mashambani Bundibugyo au Madagascar. Ladha ya kichupa cha bei ndogo haiwezi kulipia vanila halisi. Picha ya ua la vanila kwenye lebo ni ya kuvutia mteja, na mkulima hana fungu lake humo.

Swali linalofuata ni nani anayemlinda mnunuzi wa huku. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya zina kanuni ya mwaka 2014 inayotaka mtengenezaji awasilishe orodha ya vilivyomo miezi 6 kabla ya kuuza, na kichupa cha kujazia chenye nikotini kisizidi mililita 10. Uingereza imepiga marufuku diasetili ndani ya maji hayo tangu mwaka 2016. China, inakotengenezwa sehemu kubwa ya vifaa hivi, ilichukua hatua kali zaidi mwaka 2022. Iliruhusu viambato 101 tu, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo ikakataza kuuza ndani ya nchi sigara za kielektroniki zenye ladha yoyote isipokuwa ya tumbaku.

Katazo hilo halikugusa mzigo wa kuuza nje. Bidhaa inayosafirishwa hutakiwa kufuata sheria ya nchi inakokwenda. Kwa maneno mengine, ladha ya embe ambayo kijana wa Shenzhen haruhusiwi kuuziwa dukani inaweza kufungwa kwenye boksi na kupelekwa bandari ambayo haijaandika lolote kuhusu ladha. Msambazaji akisema "mali hii inatoka China, imepita ukaguzi," muuza duka ana haki ya kuuliza ni ukaguzi wa soko lipi.

Afrika Mashariki sheria hazilingani. Uganda ilipiga marufuku kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za kielektroniki kwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2015. Kenya hutoza ushuru wa bidhaa kwa kila mililita ya maji ya nikotini. Ushuru ni jambo zuri kwa hazina ya serikali, lakini kipimo cha mililita hakisemi kama ndani mna diasetili. Mashirika ya viwango ya ukanda huu yamezoea kupima sumukuvu kwenye mahindi na karanga, kazi iliyo ngumu na yenye kuhitaji maabara. Yakiamua, yanaweza kupima na maji haya, na kwa kuanzia yangetangaza kwamba kichupa chenye diasetili au pentanidioni hakipiti bandarini. Ni katazo fupi, ambalo nchi nyingine zimeshalitunga, na halimnyimi mvutaji anayetaka kuacha sigara bidhaa isiyo na kemikali hizo.

Hadi hapo litakapotungwa, mzigo unamwangukia mwenye duka. Msambazaji aombwe karatasi ya maabara inayotaja diasetili na pentanidioni kwa majina yote mawili, si ahadi ya mdomo kwamba haina ya kwanza. Karatasi itaje namba ya toleo inayolingana na iliyo kwenye boksi, na tarehe ya kutengenezwa. Kampuni inayouza Ulaya inazo tayari taarifa za vilivyomo, kwa kuwa hairuhusiwi kuuza bila kuziwasilisha. Kuitoa nakala hakuigharimu chochote. Anayesema haipo, au kwamba ni siri ya biashara, arudishiwe boksi lake. Maji ya ladha za krimu, karameli, keki na siagi yasichukuliwe kabisa bila karatasi hiyo. Vichupa visipangwe jirani na peremende, kwani nikotini ni sumu ikinywewa, na mtoto anayeona picha ya stroberi hajui kusoma lebo.

Mfanyabiashara wa Busia au Mutukula anayefikiria kuvusha mabaki ya mzigo kwenda Uganda akumbuke kwamba upande wa pili wa geti boksi hilo ni kosa la jinai, liwe na karatasi au lisiwe nayo.